Mkate wa Kumimina Usiolala: Mwongozo Kamili wa Kuuoka Nyumbani

Ramadhani ikikaribia, maswali kuhusu mkate wa kumimina huanza kumiminika, na karibu yote yanafanana. Rojo liliumuka vizuri bakulini, likaingia motoni, likatoka limelala. Au juu umeiva na una rangi nzuri, lakini ukikatwa katikati unakuta uji. Au chini kuna tabaka gumu linalonata, na matundu yako juu tu. Wanaouliza wamefuata vipimo sawasawa, na bado mkate umewashinda.

Vipimo vingi mnavyopeana havina kasoro. Mkate huu, ambao wengine wanauita mkate wa sinia, ni wa mchele. Ngano ikikandwa hutengeneza utando unaovutika na kushika hewa. Mchele hauna utando huo. Hewa inayotolewa na hamira inashikiliwa na ulaini wa rojo, uzito wake, na ute wa yai, basi. Kwa hiyo mkate huharibika zaidi kwenye kusaga na kwenye kungoja kuliko kwenye jiko. Nimeeleza hatua hizo mbili kwa kirefu, na moto pia, kwa sababu ndiko wengi mnakokwama.

## Mahitaji

Kikombe ninachotumia ni cha mililita 250. Vipimo hivi vinatosha sufuria moja ya upana wa sentimita 22 hivi.

- Mchele vikombe 2 (kama gramu 400)
- Tui zito la nazi kikombe 1 na robo, na robo kikombe nyingine uiweke kando
- Wali mweupe uliopoa, vijiko 2 vya chakula
- Hamira ya chenga kijiko 1 cha chai (kama gramu 3)
- Sukari robo tatu ya kikombe (kama gramu 150), pamoja na kijiko 1 cha chakula cha kuanzia
- Ute wa yai 1
- Hiliki iliyosagwa kijiko 1 cha chai
- Chumvi, ncha ya kijiko
- Samli au mafuta vijiko 2 vya chakula

Vifaa: blenda, chujio, bakuli kubwa, mwiko, na sufuria nzito yenye kina cha sentimita 7 au zaidi. Wa jiko la mkaa aongeze mfuniko wa bati bapa na koleo.

### Maneno machache kuhusu mchele, tui na hamira

Chukua mchele mkavu wa kawaida usiogandamana ukipikwa. Basmati unafaa, na chenga za mchele zinafaa vilevile kwa kuwa utazisaga. Mchele mpya uliotoka kuvunwa hunata, na mkate wake huwa mzito. Usitumie mchele ulioivishwa kwa mvuke kabla ya kukobolewa, ule wenye rangi ya manjano kidogo: wanga wake umeshapikwa, hausagiki ukalainika, na rojo lake haliumuki ipasavyo.

Tui liwe la kwanza, zito. Nazi moja kubwa iliyokomaa, ikunwe, ikamuliwe kwa maji ya uvuguvugu kidogo tu. Walio mbali na nazi, Muscat au London au Toronto, kopo la mililita 400 la tui zito linatosha. Litikise kabla ya kulifungua kwa sababu mafuta huganda juu. Tui jepesi hutoa mkate mweupe usio na ladha, na rojo lake huwa maji.

Hamira ndiyo inayozidishwa kuliko kitu chochote. Pakiti ya gramu 11 ina zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Ukiimimina yote, rojo litapanda haraka, litashuka haraka, na mkate utanuka hamira badala ya hiliki.

## Hatua ya 1: Loweka mchele

Osha mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kisha uloweke kwenye maji mengi kwa saa 6 hadi 8, au usiku kucha. Punje iliyolowa hadi katikati husagika laini. Iliyolowa nje tu huacha kiini kigumu ambacho blenda haikimalizi.

Pima hivi: chukua punje moja, ibane kwa kucha ya kidole gumba. Ikivunjika bila kukataa na ndani ikawa nyeupe yote, tayari. Ikitoa mlio mdogo wa kuvunjika, rudisha.

Tahadhari: kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, mchele uliolala nje zaidi ya saa 12 huanza kuchacha. Weka bakuli kwenye friji, au badilisha maji kabla ya kulala.

## Hatua ya 2: Chuja maji yote

Mimina mchele kwenye chujio, uache utone kwa dakika 10 nzima. Msiidharau hatua hii. Maji yanayobaki katikati ya punje hayaonekani, lakini yanafika robo kikombe bila taabu, na robo kikombe hiyo inatosha kuligeuza rojo zuri kuwa uji wa mgonjwa.

## Hatua ya 3: Saga, kisha usage tena

Hapa ndipo mkate unapopatikana au kukosekana. Lile tabaka gumu la chini linatokana na chembe za mchele ambazo hazikusagika. Ni nzito, kwa hiyo rojo likiwa limetulia linaumuka, zenyewe zinazama taratibu. Mkate ukiiva, chini kuna chembe zilizojikusanya na juu kuna rojo lililobaki na hewa yake.

Gawa mchele mafungu mawili. Weka fungu la kwanza kwenye blenda na nusu ya tui, pamoja na wali. Wali una wanga ulioiva tayari. Unalipa rojo uzito kidogo wa kuning'iniza viputo vya hewa visikimbie. Wengine huweka kijiko cha unga wa ngano kwa kazi hiyohiyo. Unakubali, lakini mimi nachagua wali kwa sababu haubadilishi ladha.

Saga dakika 2, pumzisha mashine dakika 1, saga tena. Mapumziko yana maana: blenda ikizunguka mfululizo hupasha rojo joto. Gusa jagi kwa nje, na likiwa la moto kwenye kiganja, subiri.

Sasa pima. Chovya ncha ya kidole cha shahada kwenye rojo, lisugue na kidole gumba. Mwanzoni utasikia kama mchanga mwembamba. Endelea kusaga mpaka vidole viteleze kama vile vimepakwa maziwa mazito. Ukibaki na wasiwasi, tandaza tone kwenye kisahani chenye rangi nzito ukiinamishe: rojo laini huteleza lote pamoja, lenye chembe huacha michirizi yenye nukta nukta.

Fanya hivyo kwa fungu la pili, kisha pitisha lote kwenye chujio. Chembe zitakazobaki zirudishe kwenye blenda na kijiko cha tui, usage upya. Usizitupe, kwa kuwa ni sehemu ya kipimo chako.

Rojo liwe na uzito gani? Inua mwiko juu. Likidondoka kwa utepe usiokatika, na utepe ukaonekana juu ya rojo kwa sekunde 2 au 3 kabla ya kupotea, umefika. Likidondoka kwa mabonge, ongeza lile tui la akiba kijiko kimoja kimoja. Likitiririka kama maziwa, umezidisha maji. Ongeza vijiko 2 vya unga laini wa mchele au wali zaidi, usage tena.

Asiye na blenda yenye nguvu anaweza kutumia unga wa mchele wa dukani, alimradi uwe laini kama wanga. Auloweke kwenye tui kwa saa 2 kabla ya kuendelea, na ajue utahitaji tui zaidi, maana haujanywa maji kama mchele uliolala ndani yake.

## Hatua ya 4: Tia hamira mwisho

Rojo likiwa vuguvugu au la baridi kidogo, tia hamira, kile kijiko kimoja cha sukari, hiliki na chumvi. Zungusha blenda kwa sekunde chache tu, au koroga kwa mwiko bakulini.

Hamira inakuja mwisho kwa sababu ya lile joto la blenda. Ikifika nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi inakufa, na hakuna dalili utakayoiona mpaka saa nzima ipite bila kiputo. Kuhusu sukari: kijiko kimoja ni chakula cha kuianzisha. Ukitia yote sasa, sukari itavuta maji, rojo litakuwa jepesi, na hamira itafanya kazi kwa kusuasua. Wengi wanaoniambia "limekataa kuumuka" walitia sukari yote kwenye blenda mwanzoni.

Kama hamira yako ina muda mrefu kabatini, ijaribu kwanza kwenye vijiko 2 vya maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Isipotoa povu ndani ya dakika 10, nunua nyingine.

## Hatua ya 5: Umua, na uangalie rojo badala ya saa

Funika bakuli kwa kitambaa, liweke mahali pasipo upepo. Kwenye joto la pwani, nyuzi 28 hadi 32, rojo huwa tayari ndani ya dakika 40 hadi 60. Nairobi au Arusha asubuhi ya Julai, saa moja na nusu au zaidi ni kawaida. Liweke ndani ya oveni iliyozimwa, pembeni yake bakuli la maji ya moto, utaokoa muda.

Kwa walio miinukoni kuna jambo la kuongeza. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, hivyo viputo hutanuka zaidi. Rojo likishapata joto linapanda kwa kasi na kushuka kwa kasi. Punguza hamira iwe robo tatu ya kijiko.

Rojo lililo tayari limeongezeka kwa nusu au karibu mara mbili, juu lina viputo vidogo vilivyoenea kila mahali, na limetuna kidogo katikati. Ukilitikisa bakuli linatetemeka. Harufu yake ni ya nazi na hamira, tamu.

Rojo lililopitiliza lina sura nyingine: limezama katikati, kando ya bakuli limeacha alama ya mahali lilipofika, viputo ni vikubwa na vichache, na linanuka uchachu. Nguvu ya hamira imeshatumika, na motoni halitapanda tena. Usilazimishe mkate. Tia sukari, ukaange vibibi (chapati laini za rojo la mchele), na watu watakula washibe. Mkate uanze upya kesho.

Usiondoke nyumbani wakati huu. Kati ya rojo lililo tayari na lililopitiliza kuna dakika 20 tu siku ya joto.

## Hatua ya 6: Sukari na ute wa yai

Washa jiko au oveni kwanza, ndipo uguse rojo. Oveni iwe nyuzi 180.

Tia sukari yote iliyobaki, koroga taratibu mpaka chenga zisisikike chini ya mwiko. Rojo litashuka. Ni kawaida, msishtuke.

Kwenye bakuli safi, piga ute wa yai mpaka uwe povu jeupe laini. Kiini cha yai kisiingie hata tone, maana mafuta yake huua povu. Mimina povu kwenye rojo, lichanganye kwa kufunua kutoka chini kuja juu, mara chache tu. Wapo wanaousaga ute pamoja na mchele na mkate unatoka. Mimi naupiga kando kwa sababu povu linarudisha hewa iliyopotea wakati wa kukoroga sukari. Ukipata moto, ute hukaza na kuwa kuta za yale matundu, yasianguke mkate unapopoa.

Liache rojo dakika 10, si zaidi. Viputo vitarudi juu.

## Hatua ya 7: Sufuria iwe ya moto kabla ya kumimina

Paka samli sufuria yote, chini na kuta, kisha iweke kwenye moto wa wastani kwa dakika 2 au 3. Dondosha tone la rojo: likichemka kidogo kingo na kuganda mara moja, mimina. Likitoa mlio mkali na kuwa kahawia papo hapo, iondoe motoni ipoe kidogo.

Sufuria baridi huliacha rojo likae muda mrefu likiwa majimaji, hewa ikatoroka na mkate ukashika chini. Sufuria ya moto hugandisha ngozi nyembamba chini, na mvuke unaanza kupanda kwenda juu. Ndiyo maana mkate mzuri ukiukata unaona matundu yamesimama wima.

Mimina rojo lote kwa mkupuo, lifike chini kidogo ya nusu ya kina cha sufuria. Usikoroge tena na usigongegonge sufuria.

## Hatua ya 8: Moto

### Kwa oveni

Acha sufuria juu ya jiko kwa moto mdogo dakika 4 hadi 5, mpaka kingo zigande na viputo vianze kupasuka juu. Hamishia kwenye oveni, rafu ya kati, dakika 30 hadi 35. Oveni yenye feni ipunguze hadi nyuzi 160. Usifungue mlango dakika 20 za kwanza. Mwishoni washa moto wa juu kwa dakika 2, ukiwa umesimama hapo hapo. Sukari huungua upesi sana.

### Kwa mkaa

Ladha ya mkaa haina mpinzani, lakini ndio wenye makosa mengi. Kosa kubwa ni kuweka moto mwingi chini. Mkate huu unapikwa zaidi kwa moto wa juu. Rojo likishamiminwa na kingo zikaganda, punguza makaa ya chini yabaki machache, mengine ukiyafunika kwa majivu. Funika sufuria kwa bati, palia makaa juu yake yaliyoshika vizuri, uyatandaze zaidi pembeni kuliko katikati. Kwa kukisia, theluthi moja ya moto iwe chini na theluthi mbili juu.

Baada ya dakika 15 inua bati kwa koleo, kwa uangalifu majivu yasiingie. Juu pakiwa bado ni majimaji, ongeza makaa ya juu. Pakiwa pameshika rangi, yapunguze, uuachie mkate dakika 10 au 15 nyingine za moto mpole ili katikati paive.

Tahadhari: usipike kwa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa mkaa unaua.

### Kwa gesi bila oveni

Weka tawa zito la chuma juu ya jiko, sufuria juu ya tawa, moto uwe wa chini kabisa. Funika kwa mfuniko uliofungwa kitambaa kikavu, pembe zake zikafungiwa juu mbali na moto. Kitambaa kinanyonya mvuke usidondoke na kutia makovu juu ya mkate. Dakika 35 hadi 45. Juu utabaki mweupe, kwa hiyo ukishaiva upindue kwenye kikaango kilichopakwa samli, uupe rangi dakika 2 au 3.

### Utajuaje umeiva

Chomeka njiti nyembamba katikati kabisa. Itoke bila rojo bichi. Unyevu kidogo si tatizo. Bonyeza juu kwa kidole: panarudi. Kingo zimeachana kidogo na sufuria. Wenye kipimajoto, katikati pafike nyuzi 95.

## Hatua ya 9: Uache upoe

Uache sufuriani dakika 10, pitisha kisu kandokando, upindue kwenye sahani, kisha upindue tena ukae uso juu. Halafu subiri angalau saa nzima kabla ya kuukata.

Wanga wa mchele ukiwa wa moto unanata. Mkate ulioiva kabisa, ukiukata unatoka motoni, kisu kinatoka na utelezi na ndani panaonekana pabichi. Nina hakika mikate mingi iliyorudishwa jikoni kwa kudhaniwa haijaiva ilikuwa imeiva, ikaenda kukaushwa bure. Kama njiti ilitoka safi, iamini.

Ukishapoa, kata kwa kisu chenye meno, kipande chenye umbo la pembetatu. Uso wa juu uwe na rangi ya dhahabu iliyokolea, ndani mweupe kama tui, matundu mengi kuanzia chini mpaka juu, na ukibonyeza kipande kinarudi.

## Ukikwama, angalia hapa

Umelala baada ya kutoka motoni. Rojo lilipitiliza, au halikuiva katikati. Onja: ukiwa na uchachu ni kupitiliza, ukiwa na uji ni moto.

Tabaka gumu chini. Kusaga. Rudi hatua ya 3. Mara chache ni sufuria iliyomiminiwa ikiwa baridi.

Juu umeungua, ndani mbichi. Makaa ya juu yalikuwa mengi tangu mwanzo, au sufuria ni nyembamba mno kwa upana na rojo likawa na kina kirefu. Tumia pana zaidi.

Umeiva lakini hauna matundu. Rojo lilikuwa zito kupita kiasi, au hamira ilikuwa imekufa. Lile jaribio la povu litakuambia ni ipi.

Umepasuka juu kama keki. Rojo zito, na moto wa juu uliowahi. Hauna ubaya mdomoni.

## Kuuhifadhi

Tui huharibika upesi. Pwani, mkate ulale siku moja nje, umefunikwa. Zaidi ya hapo uingie kwenye friji, siku 3. Baridi ya friji huukaza, kwa sababu wanga wa mchele hurudi kuwa mgumu. Uupashe kwenye mvuke dakika 5, au kwenye kikaango kilichofunikwa, na matone machache ya maji pembeni, mpaka ulainike. Ule siku hiyo hiyo. Ukipashwa mara ya pili haulainiki kama mwanzo.

Kama unaupeleka futari kwa jirani, uoke adhuhuri. Saa za kupoa zitakuwa zimetimia, na utaukata mbele ya wageni ukiwa imara bila kumeguka.